Kwa nini Moscow waling'oa nyaya za trolibasi, mtandao uliokuwa mkubwa kuliko yote duniani?

MtotoWaIlala
Habari za muda huu wakuu. Naomba tulijadili hili kwa kina.

Moscow walianza kutembeza trolibasi tarehe 15 Novemba 1933. Kwa wasiozijua: ni basi la matairi ya mpira kama basi lingine, ila halina injini ya dizeli. Juu ya paa lina fito mbili ndefu zinazogusa nyaya mbili za umeme zilizotandazwa juu ya barabara. Njia ya kwanza ilitokea pale stesheni ya Belorussky ikaelekea kaskazini-magharibi kwa barabara ya Leningrad, na mwaka uliofuata ikaingia katikati ya mji. Baadaye mtandao ukakua hadi ukawa mkubwa kuliko wowote duniani. Halafu Agosti 2020 wakafunga. Kimebaki kipande kimoja cha maonyesho jirani na uwanja wa Komsomolskaya, penye stesheni tatu za treni.

Nipo hapa kimasomo na napanda mabasi ya betri yaliyochukua nafasi yake. Sasa mnieleze: mji unaanzaje kung'oa usafiri wa umeme uliodumu karibu miaka 87, kisha unatumia fedha nyingi kununua usafiri wa umeme? Msimamo wangu ni kwamba waliua kitu kilichokuwa kinafanya kazi. Mwenye hoja tofauti aje nayo.

Ngosha_Mtulivu
Naweka kambi hapa. Waliosoma Urusi njooni mtufungue macho.

Kachero254
Hakuna siri hapo. Nyaya zilikuwa zinaharibu sura ya mji. Nilipita Moscow kikazi 2014, ukiwa katikati ya mji ukiinua macho unaona waya juu ya waya, hasa kwenye makutano. Meya Sobyanin aliingia 2010 akiwa na nia ya kuupanga mji upya. Kulikuwa na mradi wao wa "Barabara Yangu", kati ya 2015 na 2017, wakapanua njia za waenda kwa miguu, wakapanda miti, wakazika nyaya za kila aina chini ya ardhi. Waya wa taa na wa simu unazikika. Wa trolibasi utauzika vipi? Ukatolewa. Na ukishatoa nyaya katikati ya mji, njia za pembeni zinakatika vipande vipande, hazina maana tena.

Ngosha_Mtulivu
Swali la mtu wa darasa la nyuma: kwa nini nyaya mbili? Tramu nimeona picha ina waya mmoja tu. Umeme si unarudi ardhini?

Fundi_Umeme_Mza
Ngosha, unarudi kupitia reli. Tramu ina magurudumu ya chuma juu ya reli za chuma, kwa hiyo waya mmoja unaleta umeme na reli inaurudisha. Trolibasi inakanyaga mpira, na mpira haupitishi umeme. Ndiyo maana inahitaji waya wa kuleta na waya wa kurudisha, na kila waya na ufito wake.

Kule Moscow ni umeme wa DC, yaani wa mkondo mnyoofu, wa volti 550 hadi 600, unatoka kwenye vituo vidogo vya kupozea umeme vilivyosambaa mji mzima. Kila ufito unaishia na kiatu chenye kipande cha kaboni ndani, chenye mfereji unaoushika waya. Hicho kipande kinalika. Mvua ikinyesha kinalika haraka zaidi, na barafu ikishika waya ndiyo balaa, unaona cheche. Dereva akikata kona vibaya au akipita makutano ya nyaya kwa mwendo mkali, kiatu kinachomoka, ufito unaruka juu, gari linazimika hapo hapo barabarani.

Halafu kuna jambo wengi hawalijui. Kwa kuwa gari limetengwa na ardhi kwa matairi, umeme ukivuja kwenye bodi hauna pa kwenda. Unamsubiri abiria aliyeweka mguu mmoja chini na mkono kwenye chuma cha mlango. Ndiyo maana zilihitaji kukaguliwa uvujaji kila mara, hasa majira ya theluji na chumvi ya barabarani. Hii kazi haitaki uzembe.

Ngosha_Mtulivu
Shukrani fundi. Kumbe kupanda tu kulihitaji dua.

Fundi_Umeme_Mza
Ngosha usitishe watu. Zikitunzwa ni salama, mamilioni wamepanda miaka na miaka. Nimesema zinahitaji kukaguliwa, basi.

MzeeLumumba
Vijana hamjambo. Nilifika Moscow 1976, serikali yetu ilikuwa imetupeleka kundi la vijana wa Kitanzania. Chuo ni kile kilichoanzishwa 1960, mwaka uliofuata kikapewa jina la Patrice Lumumba. Siku hizi wanakiita Chuo cha Urafiki wa Mataifa.

Trolibasi za barabara ya Leninsky Prospekt ndizo zilizotulea. Nauli ilikuwa kopeki 4. Tramu 3, basi 5, metro (treni ya chini ya ardhi) 5, kwa hiyo mwanafunzi mwenye hesabu zake alijua apande nini. Kondakta hakuna. Ndani kuna sanduku la chuma lenye kioo juu, unatumbukiza sarafu, unajikatia tiketi mwenyewe kwenye msokoto wa karatasi. Kama umebanwa mlangoni unampa sarafu aliye mbele yako, naye anampa mwingine, na baada ya muda tiketi inarudi kwa mikono ya watu usiowajua. Sikuwahi kuona sarafu imepotea njiani.

Madereva wengi walikuwa akina mama. Fito zikichomoka, mama wa watu anavaa glavu nene za turubai, anashuka kwenye baridi kali, anaenda nyuma ya gari, anashika kamba mbili, anavuta ufito chini halafu anaupeleka taratibu hadi kiatu kinauma waya. Watu ndani wametulia, hakuna anayempigia kelele. Sisi tuliotoka Tanga tukikodoa macho tu dirishani.

Kachero anasema nyaya zinaharibu sura ya mji. Kwa sisi nyaya zilikuwa dira. Ukipotea usiku, na lugha huijui, unafuata nyaya mpaka kituoni.

MtotoWaIlala
Shikamoo mzee. Hiyo ya kufuata nyaya usiku sijaisoma popote, asante sana.

MwanaKivu
Shikamoo baba. Turekebishe kidogo: jina la Lumumba walilitoa 1992, lakini 2023 walilirudisha. Sasa chuo kinabeba tena jina la Lumumba. Sisi Wakongomani hiyo tunaifuatilia karibu sana.

MzeeLumumba
Marahaba wanangu. MwanaKivu umenipa habari njema.

Kachero254
Mzee heshima zako. Lakini hapo ulipoeleza mama anashuka kuvuta kamba ndipo hoja yangu ilipo. Miaka ya 70 barabara ilikuwa na magari machache. Leo trolibasi moja ikizimika kwenye njia yenye foleni, zilizo nyuma yake zote zinasimama, kwa sababu haziwezi kupitana kwenye waya mmoja bila moja kushusha fito. Serikali ya mji ilisema wazi: magari ya polepole, miundombinu chakavu, hayawezi kukwepa kizuizi. Mwenye mji amekuambia sababu, unatafuta nyingine ya nini?

BintiSegerea
Samahani nadandia. Nimesikia zilikuwepo za ghorofa na Stalin akazipiga marufuku baada ya moja kupinduka. Ni kweli?

MtotoWaIlala
Binti, nusu. Za ghorofa zilikuwepo. 1937 walinunua moja kutoka Uingereza, wakaijaribu, kisha kiwanda cha Yaroslavl kikatengeneza za kwao zikaitwa YATB-3. Zilikuwa 10 tu. Dari la ghorofani lilikuwa fupi, mtu mrefu anainama. Ili zipite, ilibidi nyaya zipandishwe mita moja nzima kwenye njia zake, na hapo zile za kawaida zikapata tabu maana fito zao zilikuwa zinanyooshwa mno na hazikuweza tena kuhama upande kukwepa kitu. Zilitembea hadi 1953. Kwa hiyo hakuna marufuku iliyoziondoa zote baada ya moja kupinduka.

Hadithi ya Stalin ina chanzo chake. Khrushchev, aliyekuwa mmoja wa viongozi wa chama cha Kikomunisti mjini Moscow miaka hiyo, aliandika kwenye kumbukumbu zake kwamba Stalin aliogopa trolibasi ingepinduka kwenye majaribio na wageni wangewacheka, akaagiza majaribio yasifanyike. Agizo likafika wakati gari limeshajaribiwa na limerudi salama. Hayo ni ya zile za kwanza kabisa, zilizoitwa LK kwa heshima ya Lazar Kaganovich, kiongozi mkuu wa chama mjini Moscow wakati huo.

BintiSegerea
Agizo likakuta mzigo umeshafika. Asante kaka.

MamaSeattle
Nawasalimu kutoka Seattle, ambako trolibasi zipo tangu 1940 na ninazipanda kwenda kazini. Nizungumzie kitu ambacho hapa ndiyo sababu kubwa: vilima.

Seattle ina barabara zimesimama kama ukuta. Basi la dizeli likiwa limejaa linapanda linalia, linatoa moshi, linakaribia kushindwa. Trolibasi inapanda kimya, maana mota ya umeme ina nguvu tangu gurudumu linapoanza kuzunguka, na haijabeba tanki wala betri nzito. Na ikishuka inarudisha umeme kwenye nyaya. Hapa pia miaka ya 60 waliondoa sehemu kubwa ya nyaya, na baadaye walitaka kuzitoa zote, lakini walipopiga hesabu wakaona bora wanunue magari mapya. Haya mapya yana betri ndogo: barabara ikifungwa kwa ujenzi, dereva anabonyeza kitufe, fito zinashuka, gari linazunguka mtaa wa pili kwa betri, likirudi linashika waya tena.

Kwa hiyo Kachero, hoja yako ya kushindwa kukwepa kizuizi ni ya magari ya zamani.

Kachero254
MamaSeattle, Moscow haina vilima vya kusema. Faida yako kubwa kule haipo.

Fundi_Umeme_Mza
Vilima hakuna, lakini baridi ipo. Mtoa mada, hebu tuambie hizo za betri zinapashwa joto na nini wakati wa baridi.

MtotoWaIlala
Fundi umegusa kidonda. Mabasi ya betri yalianza Septemba 2018, ya KAMAZ na ya LiAZ. Yanachajiwa mwisho wa njia: gari linaingia chini ya mlingoti, linainua mkono wake juu ya paa, linavuta umeme mwingi kwa dakika chache, linaondoka. Ila hita ya ndani, walau kwa hayo ya mwanzo, inachoma dizeli. Yaani asubuhi ya baridi kali unaona basi limeandikwa ubavuni kuwa ni la umeme, na pembeni linafuka. Trolibasi ilikuwa inapasha joto kwa umeme ule ule wa waya, haina haja ya tanki.

Kwa haki niseme na mazuri yake: yana utulivu, sakafu iko chini, mama mwenye kigari cha mtoto anaingia bila msaada. Zile ZiU-9 za kiwanda cha Engels, zilizoanza 1972 na kuenea nchi nzima, zilikuwa na ngazi mlangoni, bibi anapanda anahema.

MzeeLumumba
Tuliokuwa vijana hatukuziona hizo ngazi.

Mchumi_Mtaani
Nyote mnazunguka mbuyu. Tazameni ardhi na ununuzi.

Kwanza ardhi: karakana za trolibasi zilikuwa sehemu ambazo ukijenga nyumba za ghorofa unavuna. Pili, angalieni mtengenezaji. Kiwanda cha Engels kilikuwa kimeshuka sana miaka hiyo ya mwisho, wakati watengenezaji wa mabasi ya betri wanahitaji soko la kuanzia, na Moscow ndilo soko. Tatu, ukiacha kununua magari mapya, yaliyopo yanazeeka. Yakizeeka yanaharibika njiani, yakiharibika abiria wanalalamika, wakilalamika unasema "mnaona, mfumo umechoka". Sina haja ya kumtuhumu mtu, nasema huo ndio mfuatano.

MtotoWaIlala
Mchumi, karakana hazikuuzwa zote. Ya Filevsky iligeuzwa kuwa karakana ya hayo hayo mabasi ya betri, ndipo mengi ya kwanza yalipolala. Kwa hiyo hoja ya ardhi inakubali baadhi ya sehemu, inakataa nyingine.

Mchumi_Mtaani
Sawa, Filevsky nakupa. Ya ununuzi haijajibiwa.

Dada_Historia
Naomba tusisahau upande mwingine. Ndani ya mtandao ule kuna maisha ya mji. Kulikuwa na njia ya herufi B, inazunguka barabara ya Sadovoye inayozingira katikati ya mji, mzunguko wa kilomita kama 16. Wenyeji walikuwa wanapanda wanazunguka tu, hawashuki, wapenzi hasa. Enzi za vita vya Hitler palikuwa na malori ya nyaya: lori la mzigo lina fito juu, linabeba kuni na chakula, maana mafuta yote yalikuwa yanaenda mstari wa mbele.

Na Agosti 1991, wakati wa jaribio la mapinduzi, watu walikokota trolibasi wakazipanga barabarani kwenye hiyo hiyo Sadovoye, karibu na handaki chini ya Novy Arbat, kuzuia magari ya deraya. Usiku wa tarehe 20 kuamkia 21 vijana watatu walikufa pale: Dmitry Komar, Vladimir Usov na Ilya Krichevsky. Picha za usiku ule zina trolibasi zimekaa mkao wa ukuta. Ukiniuliza mimi, kitu chenye historia ya namna hii hukiondoi kwa hesabu za mhasibu peke yake.

Kachero254
Dada hapo nakuunga mkono kabisa kuhusu historia. Lakini historia huhifadhiwa makumbusho. Abiria anataka kufika.

Dada_Historia
Abiria alikuwa anafika.

Jozi_Mkazi
Nipo Johannesburg. Hapa walikuwa nazo 1936 hadi 1986. Durban zilianza 1935 zikaisha 1968, Cape Town 1935 hadi 1964. Kwa hiyo kusini mwa Afrika trolibasi si kitu kigeni. Zilivyokufa ni stori moja: mji unapanuka kwenda pembezoni, waya haufuati, magari yanachakaa, dizeli inaonekana rahisi. Moscow ni tofauti kwa kuwa walikuwa na fedha na bado wakaziua. Hapo ndipo hata mimi nashindwa kuelewa.

MwanaKivu
Na metro? Hakuna aliyeitaja metro kama sababu. Wameongeza vituo vingi miaka hii, na 2016 wakafungua ile reli ya mzunguko ya juu ya ardhi. Mtu aliyekuwa anapanda trolibasi kilomita nane sasa anashuka chini, dakika chache amefika. Labda abiria ndio walihama, nyaya zikabaki.

MtotoWaIlala
MwanaKivu, mabasi ya betri yanapita njia zile zile na yanajaa. Kama abiria walihama, hawa ninaobanana nao asubuhi ni akina nani?

Fundi_Umeme_Mza
Niongeze la kiufundi kisha niwaachie. Kuna njia ya tatu na ipo Urusi kwenyewe. St Petersburg hawakung'oa. Walileta trolibasi zenye betri, zinachaji zikiwa zinatembea chini ya waya, zikifika mahali hakuna nyaya zinashusha fito na kuendelea kwa kilomita kadhaa. Gari halisimami kuchaji. Kwa Moscow, basi likisimama kuchaji mwisho wa njia, unahitaji magari mengi zaidi na madereva wengi zaidi kubeba abiria wale wale. Hesabu hiyo ipigwe kwa haki. Unaweza kutoa nyaya mbele ya majengo ya kihistoria ukaziacha kwenye barabara kuu, na kila mtu akapata chake.

Kachero254
Hii ya St Petersburg naikubali kama wazo. Ila nyaya, vituo vya kupozea na mafundi wa nyaya bado unawalipa.

Fundi_Umeme_Mza
Na betri utainunua tena ikichoka. Hiyo nayo inalipwa.

Ngosha_Mtulivu
Sasa turudi nyumbani. Mwendokasi ya Dar ina barabara yake yenyewe, Kimara mpaka Kivukoni, imenyooka, haichanganyiki na magari mengine. Si ndiyo sehemu ya kuweka nyaya kabisa? Tangu 2016 tunachoma mafuta.

BintiSegerea
Umeme ukikatika Ngosha? Tutashuka Jangwani na mvua?

Fundi_Umeme_Mza
Binti swali lako ni la msingi. La nyaya tupu litasimama. Lenye betri kidogo litafika kituo kinachofuata. Kuhusu ujuzi wa nyaya, msitishike: SGR ya Dar hadi Dodoma inatembea kwa umeme wa volti 25,000 tangu 2024, na wapo Watanzania wanaohudumia nyaya zile. Volti 600 haitawashinda.

Kachero254
Nairobi tumeanza na mabasi ya betri moja kwa moja, yanachaji usiku. Hakuna nguzo, hakuna waya, matatu inapita popote. Kwa miji yetu isiyotabirika hiyo ndiyo njia.

MamaSeattle
Kachero, matatu ya kuchaji usiku inatosha kwa gari la kawaida. Basi refu la abiria mia na zaidi, linalotembea tangu alfajiri mpaka usiku wa manane, ni habari nyingine. Prague walizifunga 1972. Sasa wamezirudisha, na mwaka 2024 wakaanza njia ya kwenda uwanja wa ndege kwa magari marefu yenye betri, na waya kipande kipande. Kama betri tupu zingetosha, wasingehangaika kusimika nguzo upya.

Kachero254
Prague wana mlima wa Prosek, na nyaya walianza kuziweka hapo hapo penye mwinuko. Tunarudi kwenye vilima vyako. Moscow ni tambarare na bado sijashawishika.

Mchumi_Mtaani
Ya ununuzi bado haijajibiwa.